Farasi Watatu, Ndoa Moja

Mume wangu alitoka bafuni na taulo kiunoni, maji yanamdondoka, akaniambia: "Mke wangu, tutapanda farasi kutoka Mpanda mpaka Dar."

Nilicheka mpaka nikaweka kikombe cha chai chini. Nilidhani ni utani wa Jumapili asubuhi. Mwenzangu hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akachukua simu yake na kunionyesha ramani ambayo tayari alishaichora mstari mwekundu: Mpanda, Koga, Sikonge, Tabora, Manyoni, Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam. Kama kilomita 1,200 hivi.

"Siku 45," akasema. "Watu watachangia kwa kila kilomita. Hela yote inakwenda kwa akina mama wajawazito wa nyumbani."

Aliposema "wa nyumbani" ndipo nikaacha kucheka.

Msomaji mwenzangu, kama uko kwenye ndoa utanielewa. Kuna mawazo ambayo mwenzi wako akikuletea unaweza kuyakataa palepale, maisha yakaendelea. Na kuna mengine ukiyagusa tu, unagusa kidonda. Hili lilikuwa la pili.

WIFI YANGU

Mume wangu kazaliwa na kukulia Mpanda mjini. Dada yake mkubwa, yaani wifi yangu, aliolewa kijijini, ndani ndani huko upande wa barabara ya kwenda Karema, Ziwa Tanganyika. Ndiye aliyemlea mume wangu baada ya baba yao kufariki. Ada ya sekondari ilitoka kwenye mpunga wa wifi. Siku ya harusi yetu alicheza mpaka kiatu kikakatika kisigino, akavua vyote viwili akaendelea peku.

Miezi minane baadaye alishikwa na uchungu usiku. Ilikuwa Machi, na kule Katavi mvua huanza Novemba mpaka Aprili. Walimpakia kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mama mmoja nyuma akimshikilia. Kwenye mto pikipiki ikakwama. Wakamshusha, wakamvusha kwa machela ya kanga na miti. Alikuwa anavuja damu. Hakufika barabara kubwa. Mtoto naye hatukumpata.

Mume wangu alipokea simu akiwa ofisini Posta. Tulisafiri, tukazika, tukarudi mjini. Hakulia. Hakumtaja dada yake tena kwa mwaka mzima. Nikimtaja mimi, anainuka kwenda kuangalia kama geti limefungwa.

Sasa mtu kama huyo anakuja na farasi. Ungekuwa wewe ungemwambiaje?

WIKI TAMU KULIKO FUNGATE

Nilikubali. Tena nikubali na jingine: wiki zilizofuata zilikuwa tamu kuliko fungate letu. Tulikuwa na kitu cha kufanya pamoja. Jioni badala ya kila mtu kuinamia simu yake, tunakaa mezani na daftari. Mimi ni mhasibu, hesabu nikazibeba mimi.

Farasi mmoja anahitaji lita 30 mpaka 40 za maji kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Nyasi kavu kilo 8 mpaka 10. Akitembea vizuri anaweza kwenda kilomita 30 kwa siku bila kuumia, na lazima apate siku za kupumzika. Tulitaka farasi watatu, wawili wa kupanda na mmoja wa akiba. Kwa hiyo kila jioni, popote tutakapolala, zipatikane zaidi ya lita 100 za maji kabla sisi hatujanawa hata uso. Nikaandika gari la kubeba majani, matandiko, fundi wa kwato, vibali vya kusafirisha mifugo kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Tulikwenda Arusha kujifunza. Chini ya Mlima Meru kuna watu wanaofuga farasi na kupandisha watalii. Siku ya kwanza nilishuka nimechakaa, miguu haifungi, mume wangu akanibeba mpaka kwenye gari huku anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba. Pale pale akanunua tandiko lililotumika, la ngozi ya kahawia, akasema ni mwanzo mzuri.

Michango ilianza kuingia. Wazo la kufanya jambo gumu ili watu wachangie si geni kwetu. Tangu mwaka 2002 mgodi wa Geita na TACAIDS wamekuwa wakiandaa Kili Challenge, watu wanapanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Sisi tukafungua kundi la WhatsApp. Wafanyakazi wenzangu, wa kwake, kwaya, marafiki wa chuo. Ndani ya miezi miwili tulikuwa na shilingi milioni 6.4 kutoka kwa watu 41. Milioni 1.2 tukatoa kama malipo ya awali ya farasi.

Haraka haraka, sivyo? Subiri.

"MNAPITA WAPI?"

Kaka yangu ana rafiki daktari wa mifugo. Nilimpigia kuuliza jambo dogo tu, chanjo. Akanisikiliza, akauliza: "Shemeji, mnapita wapi?"

Nikamtajia: tunaanzia Mpanda, Koga, Sikonge.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Shemeji," akasema taratibu, "hao farasi mnataka wafike, au mnataka waondoke tu?"

Akanieleza kuhusu mbung'o. Mimi mtoto wa Dar nilikuwa nalijua jina kama jina tu la kwenye kitabu cha shule. Ni inzi wa porini anayenyonya damu mchana. Akimng'ata mnyama anaweza kumwachia vijidudu vya ugonjwa wa nagana, ambao wafugaji wengi huuita ndorobo. Mnyama anapata homa, damu inapungua, anakonda huku anakula, miguu na tumbo vinavimba, mwishowe anaanguka. Misitu ya miombo ya Katavi na Tabora ni nyumbani kwa mbung'o. Ng'ombe unaowaona huko wanaishi kwa sindano na kwa wenyewe kujua pa kuchungia. Farasi anaudhurika ugonjwa huu vibaya zaidi kuliko ng'ombe, na baadhi ya dawa wanazochomwa ng'ombe zinaweza kumdhuru yeye. Nikamwambia basi tuanze wakati wa mvua, maji na majani yawe mengi. Akasema wakati huo ndio wadudu wengine wanaoleta ugonjwa wa virusi unaoua farasi huwa wengi.

Usiku ule sikulala. Nikasoma mpaka saa tisa. Kumbe hatukuwa wa kwanza kuota ndoto hii. Mwaka 1871 Stanley alipotoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili. Hata Morogoro hawakufika, walikufa wiki za mwanzo. Yeye mwenyewe baadaye alipita kwa miguu nchi ya Wakonongo, hukohuko Katavi ya leo, akielekea Ujiji.

Kisa cha pili ndicho kilichonimaliza. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aligharamia tembo wanne kutoka India, tembo waliofundishwa kubeba mizigo. Wakashushwa Msasani. Ndiyo, Msasani hii hii yetu. Walitakiwa kutembea mpaka Karema, kwenye kituo kipya cha Wabelgiji kando ya ziwa, kwa sababu farasi na ng'ombe walikuwa hawaivuki nchi ya mbung'o. Tembo nao waliisha, wengine njiani, waliofika hawakudumu. Mwaka uliofuata aliyewaongoza, Carter, akauawa kwenye vita huko Upimbwe.

Mfalme mwenye hela zake tembo walimshinda. Mimi na mume wangu tuna milioni 6.4 na tandiko la mtumba.

SIKU TISA ZA KUNUNIANA

Kosa langu lilikuwa namna nilivyomwambia. Nilisubiri Jumamosi, nikachapisha karatasi, nikamwekea mezani kama ripoti ya ukaguzi. Tembo, Stanley, nagana, hasara tarajiwa.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Akazikunja.

"Ulikuwa unatafuta sababu tangu siku ya kwanza," akasema. "Ulicheka. Nakumbuka ulicheka."

"Baba, farasi watakufa."

"Watakufa farasi! Dada yangu alikufa, umewahi kuniandikia karatasi?"

Jamani. Kuna maneno hayana jibu. Nikamjibu hivyo hivyo, na nilichosema sikiandiki hapa. Tulinuniana siku tisa. Tunaamka, tunapigana vikumbo jikoni kama wapangaji wawili wasiojuana. Kundini watu wanauliza, "Vipi, farasi wamefika?" na mume wangu anajibu kwa kidole gumba. Kila kidole kile kilinichoma. Hela za watu tunazo, na mmoja wetu anajua safari haipo.

Siku ya kumi nikaacha karatasi. Nikamwambia: "Mimi sikumjua dada yako kama ulivyomjua wewe. Twende Mpanda. Mama akisema farasi waje, mimi nitapanda wa kwanza."

MAMA MKWE

Tulipanda basi kupitia Tabora. Kuanzia Sikonge ni msitu, msitu, msitu, mizinga ya nyuki imening'inia kwenye miti. Mume wangu alikuwa dirishani. Nilijua anahesabu lita za maji kichwani, maana hata mimi nilikuwa nahesabu. Ilikuwa Agosti, vijito vimekauka vyote.

Kesho yake binamu yake alitupeleka Sitalike, mwendo wa chini ya saa moja kusini mwa mji, palipo makao makuu ya Hifadhi ya Katavi. Mume wangu alivaa jinzi ya bluu iliyokolea. Binamu akatabasamu, hakusema kitu. Tulipoingia porini na kufungua vioo ndipo tukajua kwa nini. Mbung'o wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Walimng'ang'ania mapajani, wakachoma kupitia nguo. Akampiga mmoja kofi zito, akaanguka chini, akajikung'uta, akaruka tena.

Mume wangu alimtazama yule inzi kwa muda mrefu. Kisha akafunga kioo.

Jioni mama mkwe alisikiliza habari yote akiwa anachambua mchele kwenye ungo. Farasi, kilomita, michango. Hakutukatisha. Akasimulia kwamba zamani za Waingereza watu wa huku walihamishwa kutoka porini wakakusanywa kwenye vijiji kwa ajili ya malale, ambayo pia inaletwa na mbung'o, na baba yake alikuwa mmoja wao. Halafu akaweka ungo chini.

"Mwanangu mmoja alifia njiani," akamwambia mume wangu. "Na wewe unataka kuniletea mnyama mwingine aje afie njiani, tumkumbuke nalo?"

Mume wangu akaondoka kwenda kuangalia geti. Nyumba ya mama mkwe haina geti.

KILOMITA 17

Asubuhi yake alisema anataka kwenda kijijini kwa dada. Na akitoka huko, atatembea mpaka barabara kubwa, njia ileile. Nikamwambia tutatembea wote.

Ni kilomita 17. Kwenye ramani yetu yenye mstari mwekundu hata isingeonekana. Tulitumia saa nne na nusu, kiangazi, wazima wa afya, na viatu vya michezo. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Shemeji aliyetusindikiza, mume wa marehemu, akatuonyesha walipomshushia. Mume wangu akakaa pale kwenye mchanga. Akalia. Alilia kama mtoto, na shemeji yake akakaa pembeni akalia naye, nami nikaangalia pembeni kwa sababu niliona ni mambo yao.

Hiyo ndiyo safari aliyokuwa anaitafuta. Zile kilomita 1,200 zilikuwa njia ya kuizunguka.

Tulipita kwa muuguzi wa zahanati. Tukamwuliza swali ambalo tulitakiwa kumwuliza kabla ya kununua hata lijamu: "Dada, hapa kinachowaua akina mama ni nini, na kinahitajika nini?"

Akajibu bila kufikiri: "Wanaowahi kufika hospitali wengi wanapona. Shida yangu ni wasiofika. Mvua zikianza, mwenye mimba ya hatari inabidi awe mjini mapema, akae akisubiri siku zake. Ninawaambia. Wananiuliza, nikakae kwa nani?"

Nikamtafsiria mama mkwe usiku ule habari ya muuguzi, japo haikuhitaji kutafsiriwa. Akasema, "Vyumba viwili vya uani vimekaa tupu tangu huyu aende Dar kusoma. Panya ndio wanaolala."

KUSEMA UKWELI KUNDINI

Kazi ngumu ikabaki. Mume wangu aliandika ujumbe mwenyewe, akaufuta mara tano. Mwishoni ulikuwa mfupi: safari ya farasi haipo, tulipanga bila kuuliza, huu ndio mpango mpya na hii hapa bajeti, anayetaka hela yake arudishiwe aseme bila kuona aibu. Watu 7 waliomba zirudi, tukarudisha siku hiyohiyo. Mmoja alitutolea maneno, akatuita wasanii. Tulimeza. Kwenye yale malipo ya awali ya farasi tulirudishiwa nusu. Nusu iliyopotea tuliilipa kutoka mfukoni kwetu, sebule yetu ikakaa mwaka mwingine bila makochi mapya.

Vyumba vikapigwa sakafu na rangi. Vitanda vinne, magodoro, vyandarua, tenki la maji, choo kipya. Mwenye guta moja kijijini akawekewa fungu la mafuta, na namba yake ipo ukutani zahanati, ili mama ashushwe mjini mchana, kiangazi, akiwa na akili zake, kabla mto haujajaa. Mama mkwe anasimamia. Kila mwezi ananipigia kunisomea matumizi mpaka ya kiberiti, na mimi mhasibu naandika.

Karema iko mbele tu ya barabara ileile. Huko alikaa Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67, mahali pamoja. Bibi yake mume wangu alikuwa akimtaja, lakini kwenye mipango yetu yote ya farasi hakuna aliyemkumbuka. Sisi tulitaka kupita. Yeye alikaa.

Mama wa kwanza alilala vyumba vile wiki tatu, akajifungua mtoto wa kike hospitalini, salama. Najua mnategemea aitwe jina la wifi. Hapana. Aliitwa jina la bibi yake, na ndivyo inavyotakiwa.

KABLA HAMJACHANGISHA

Kwa wapenzi na wanandoa wenye ndoto kama yetu, haya nimejifunza kwa gharama. Nendeni kwa mnaotaka kuwasaidia kabla ya kufungua kundi la michango, si baada. Mwulizeni anayejua njia: daktari wa mifugo, dereva, muuguzi. Hela za watu ziwe na daftari na tarehe, na mpango ukibadilika waambieni siku hiyohiyo. Na mwenzako akileta wazo ambalo unaona limepinda, usikimbilie kumletea karatasi zilizochapishwa. Mwulize kwanza, hili wazo linamhusu nani? Mimi ningeuliza swali hilo ile Jumapili, tungeokoa siku tisa na nusu ya malipo ya farasi.

Tandiko hatukuliuza. Liko sebuleni kwetu, juu ya stuli, mahali ambapo kochi lilitakiwa kukaa. Kila mgeni akiingia lazima aulize, "Hee, nyie mna farasi?" Zamani mume wangu angeinuka kwenda kuangalia geti. Siku hizi anakaa, anamimina chai, na kuanza: "Nilikuwa na dada yangu..."